Majimoto ya Amboni: mwongozo kwa anayetoka Dodoma

Mkazi wa Dodoma anayetamani kujilaza ndani ya maji yaliyopashwa na ardhi yenyewe, kisha siku hiyohiyo aingie baharini, hana haja ya pasipoti. Aende Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga. Huko chemchemi za salfa zinatoka kwenye mawe ya chokaa karibu na Mto Sigi, na pwani ya Raskazone ipo palepale mjini. Nawaandikia hasa watu wa nyanda za kati: mtumishi aliyehamia makao makuu, mfanyabiashara wa Majengo, mwanafunzi wa UDOM, yeyote anayeishi zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na ambaye bahari kwake ni safari ya siku nzima.

Kwa nini mwongozo mzima kwa jambo la kuoga tu? Wenzetu wa Húsavík, pwani ya kaskazini ya Iceland, walifungua mwaka 2018 mabwawa ya maji ya bahari yanayopashwa na joto la ardhi, juu ya genge linalotazama ghuba. Kule joto la maji linashikiliwa kwenye nyuzi 38 au 39, kila mgeni anaoga kwa sabuni kabla ya kuingia, na wahudumu wapo muda wote. Amboni maji yanatoka yanavyotaka. Hakuna anayeyapima, hakuna anayekuambia umekaa mno, na mabafu yaliyowahi kujengwa pale si kitu cha kutegemea. Kazi yote ya mhudumu unaifanya wewe mwenyewe, na mtu akiifahamu vizuri anaoga kwa raha kamili.

Maji haya ni ya namna gani

Karibu na Tanga hakuna volkano. Joto la Amboni linaelezeka kwa njia nyingine: maji yanazama chini kupitia nyufa za miamba, na kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyopata joto, kwa kuwa ardhi huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja ya kina. Yakipata ufa wa kuyarudisha juu kwa haraka, yanafika usoni yakiwa bado na joto, na njiani yameyeyusha chumvi na madini.

Harufu ya yai viza utakayoipata kabla hujaiona chemchemi ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo, mahali pa wazi penye upepo, haina neno. Ila ina tabia mbili ambazo lazima uzijue. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye mashimo na vyumba vilivyofungwa. Tena ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imeondoka kumbe imeongezeka. Kwa sababu hiyo oga mahali palipo wazi, usiingie kwenye chumba cha zamani chenye kuta na paa eti upate faragha, na usiinamishe uso mahali mapovu yanapotokea.

Sifa za tiba utazisikia nyingi. Jina la Galanos, ambalo chemchemi hizi hubeba, ni la mkulima Mgiriki wa mkonge aliyeona kwamba maji haya yanafaa kulegeza misuli baada ya kazi ya shamba. Kwa misuli iliyochoka na viungo vilivyokakamaa, maji ya joto kweli yanasaidia. Asije mtu akakushawishi uache dawa za presha, kisukari au ngozi ulizoandikiwa na daktari kwa sababu ya kuoga hapa.

Je, Amboni ndipo unapopataka?

Watu wengi hukosea hapa kabla hata ya kukata tiketi, kwa kudhani majimoto yote ni sawa.

Chemchemi ya Kikuletwa huko Rundugai, wilaya ya Hai, ambayo vijana wanaiita Chemka, ni nzuri kuliko zote kwa macho: maji maangavu ya buluu chini ya mikuyu, kamba ya kurukia, samaki wadogo wanaodonoa miguu. Lakini maji yake si ya moto. Ukienda na mgonjwa wa mgongo akitarajia kukandwa na joto, utamrudisha na baridi yabisi yake. Pia yana kina, na anayeingia lazima ajue kuogelea. Kutoka Dodoma unapita Kondoa, Babati na Arusha hadi Boma Ng'ombe, zaidi ya kilomita 450, na safari hiyo ina faida ya pekee: michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ipo njiani. Kwa familia yenye vijana wanaojua kuogelea, ningewashauri waende huko.

Nyanda zetu za kati nazo zina chemchemi za moto, kama Hika na Gonga, ambazo mapovu yake yamepimwa na kukutwa na naitrojeni pamoja na heliamu. Hizo ni za kutazama. Ziko porini, hakuna mpangilio wa kuoga, wenyeji na mifugo yao wanazitegemea, na matope ya pembeni yanaweza kuwa laini kuliko yanavyoonekana. Ukifika, anza na serikali ya kijiji, wasalimie wazee kwa "Mbukwenyi" kama uko Ugogoni, na uombe mtu wa kukuongoza.

Amboni inamfaa anayetaka joto, chumvi na bahari kwa pamoja, na asiyesumbuliwa na harufu wala mazingira yasiyopambwa. Nasema wazi: pale chemchemini si mahali pa picha za kifahari. Uzuri wake umo kwenye bonde la Sigi, mapango ya Amboni yaliyo jirani, na bahari ya mchana.

Lini, na kwa njia gani

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Tanga wana masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mtu wa Dodoma hukosea mara nyingi mwezi wa Mei: huku kumekauka, anadhani na kule kumekauka. Barabara ya udongo ya kuingia chemchemini huteleza, na mto uliojaa hufunika sehemu za chini. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Wakati huo wa kipupwe hewa ya Tanga ni nafuu, na maji ya moto yana maana. Januari na Februari panapitika, lakini kuingia maji ya moto katika joto la kaskazi ni jambo la alfajiri tu.

Kwa barabara, Dodoma hadi Tanga kupitia Morogoro, Chalinze na Segera ni karibu kilomita 600. Panda basi la mapema Stendi Kuu ya Nanenane, na uhesabu siku nzima ya safari. Anayechoka na basi anaweza kuchukua treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ashuke Morogoro, kisha apande basi la Tanga pale Msamvu. Hakikisha kwanza muda wa treni unakuwahisha basi, la sivyo utalala Morogoro bila kupanga. Njia za mkato za kupitia Kiteto na Handeni waachie wenye gari la juu na mwenyeji anayeijua hali ya barabara wiki hiyo.

Panga usiku mbili Tanga. Usioge siku ya kufika: mwili uliokaa kwenye kiti kutwa nzima, na pengine haukunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani, ukiingizwa kwenye joto ndipo mtu anapozimia.

Mabasi yanashusha kwenye stendi ya Kange, Tanga. Asubuhi yake kodi bajaji au bodaboda kutoka mjini, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, maana usafiri wa kurudi kutoka chemchemini haupiti tu. Mapango yako kilomita kama 8 kutoka mjini, upande wa Kiomoni. Njia ya chemchemi inachepuka barabara ya Horohoro, mbele kidogo ya njia ya kijiji cha Amboni, halafu kuna mwendo wa kilomita mbili na ushei. Usitegemee kibao. Anzia kwenye ofisi ya mapango, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, uulize hali ya chemchemi siku hiyo na uombe mwongozaji. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho.

Nani asiingie, nani aingie kwa masharti

Maji ya moto hutanua mishipa ya damu, presha ikashuka na moyo ukaenda mbio. Mtu mzima mwenye afya haoni tabu. Wengine wanahitaji kufikiri kwanza:

- Mjamzito: asijilaze kwenye maji ya moto. Aloweke miguu tu, tena kwenye maji ya vuguvugu.
- Mwenye presha au ugonjwa wa moyo: amuulize daktari kabla ya kusafiri, wala asiulizie pale kando ya maji.
- Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zina ganzi: asitumie mguu kupima joto, kwa sababu ataungua bila kuhisi. Mwenzake ampimie.
- Mtoto mdogo: mwili wake hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Dakika chache, mikononi mwa mzazi.
- Mwenye kidonda kibichi, homa au kuhara: angoje safari nyingine.
- Aliyekunywa pombe: haingii, hata kama ni bia moja.

Mwenye selimundu nimwambie kwa upande wake: hatari yake kubwa iko kwenye maji ya baridi na kuishiwa maji mwilini. Chemka ndiyo ya kuiogopa zaidi. Na hapa Amboni anywe maji ya kutosha, ajifunike mara tu anapotoka.

Namna ya kuoga, hatua kwa hatua

1. Fika mapema, kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Jua likiwa kali, joto la juu na la chini yatakubana pamoja.

2. Wasalimie waliopo. Huenda ukamkuta mama anafua au mzee amekuja kuloweka goti lake. Wao ndio wenyeji wa maji hayo. "Shikamoo" yako iwe mbele ya kamera yako, na usipige picha ya mtu anayeoga.

3. Vua vito vya fedha, saa na pete. Salfa huigeuza fedha na shaba kuwa nyeusi ndani ya muda mfupi.

4. Pima joto. Nunua kipimajoto cha homa cha kidijitali kwenye duka la dawa, bei yake ni ndogo. Vingi husoma kati ya nyuzi 32 na 42, na hicho ndicho kipimo unachohitaji. Chota maji kwa kopo pale unapotaka kukaa, tumbukiza ncha ya kipimajoto, usome. Nyuzi 36 hadi 39 ni raha. Ikifika 40, loweka miguu tu. Kikiandika kwamba joto limepita uwezo wake, sogea mbali na jicho la chemchemi hadi upate maji yaliyopoa. Ukikosa kipimajoto, tumia kiwiko. Kiganja kimezoea sufuria na kikombe cha chai, hakikuambii ukweli.

5. Kagua chini. Chokaa iliyolowa inateleza na ina kingo kali. Ingia na viatu vya plastiki, ukipapasa kwa fimbo mbele yako.

6. Jimwagie maji miguuni, mikononi, kisha mabegani. Halafu kaa taratibu. Kichwa kibaki juu wakati wote. Maji yenye vuguvugu yasiyotibiwa, hasa yale ambayo si ya chumvi, yanaweza kuwa na kimelea adimu sana kinachoingia kwa pua na kuharibu ubongo. Kujizuia kuzamisha uso ni kinga ya bei rahisi. Vilevile salfa huwasha macho.

7. Dakika 10, utoke. Pumzika kivulini dakika nyingine 10, unywe maji uliyobeba. Ukijisikia vizuri rudi mara moja zaidi. Mara mbili zinatosha kwa siku.

8. Simama kwa awamu: kaa ukingoni kwanza, hesabu pumzi kadhaa, ndipo uinuke. Wengi wanaoanguka huanguka wakati huu, presha ikiwa chini na mwamba ukiteleza.

9. Jisuuze kwa maji safi uliyoleta kwenye dumu. Chumvi na salfa vikikaukia kwenye ngozi vinawasha, hasa kwa mtu mwenye ngozi kavu ya hali ya hewa ya Dodoma. Paka mafuta.

---

TOKA MARA MOJA UKIONA HAYA

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma ghafla, macho kuwasha sana, kifua kubana, moyo kwenda mbio bila kutulia, au harufu kali iliyopotea ghafla bila sababu.

Mpeleke mwenzako mahali palipoinuka penye upepo, mlaze, miguu yake iwe juu kidogo ya kichwa, mpoze kwa kitambaa chenye maji. Akiwa na fahamu mpe maji ya kunywa kidogokidogo. Asipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, piga 112 na umkimbize hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ipo mjini Tanga. Akianguka ndani ya shimo au chumba chenye harufu kali, usimfuate peke yako. Ita watu kwanza.

---

Makosa yanayojirudia

Kwenda peke yako. Haijalishi unajiamini kiasi gani, mtu mmoja abaki nje ya maji akiwatazama wengine.

Kuhamia mtoni ili kujipoza. Sigi inavutia, lakini mto wa pwani unaweza kuwa na mamba, na maji yasiyo na chumvi yanayotembea polepole ndipo konokono wa kichocho wanapoishi. Jipoze kwa dumu lako.

Kunywa maji ya chemchemi. Wapo watakaokuambia yanasafisha tumbo. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye miamba hubeba madini usiyoyajua kipimo. Watu wa Singida na Arusha wanajua floraidi ilivyowaharibia meno.

Kuoga na kanga au dera refu. Stara ni jambo jema na Tanga inaiheshimu, lakini kitambaa kikubwa kilicholowa kinavuta chini na kujifunga miguuni. Vaa kaptura au suruali nyepesi na fulana, kanga ikusubiri ukingoni. Pale Chemka, kwenye kina, kosa hili ni la kifo.

Sabuni na shampuu ndani ya maji. Wapo wanaochota upande wa chini.

Mapango, halafu bahari

Baada ya kuoga usiingie pangoni moja kwa moja ukiwa umelegea. Kama unayataka yote mawili, anza na pango. Mapango ya Amboni ni ya mawe ya chokaa, na moja ndilo linalotembelewa kwa kawaida. Idara ya Mambo ya Kale iliyapokea mwaka 1963. Utahitaji tochi yako, viatu visivyoteleza, na nguo usiyoionea huruma, kwa sababu kuna popo na njia nyembamba za kupita kwa kuinama. Ndani utakuta sehemu ya mzimu ambapo watu huacha sadaka zao. Usiguse kitu hapo, usicheke, na ukitaka kupiga picha muulize mwongozaji. Atakusimulia pia habari za Osale Otango, aliyesakwa na polisi wa kikoloni akajificha mapangoni humu miaka ya 1950. Kaa umsikilize, kwani masimulizi yake ni sehemu ya ulicholipia.

Mchana, kula, lala kidogo, halafu nenda Raskazone. Hapa mtu wa nyanda za kati anahitaji kujua jambo ambalo mtoto wa Tanga analijua tangu utotoni: bahari ina saa zake. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua. Maji hupwa mbali karibu saa nne asubuhi, yakabaki matope na mawe, kisha hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kuomba likizo. Ukifika Tanga siku ya bamvua, ratiba inajipanga yenyewe: pango saa mbili, chemchemi saa tatu, chakula na usingizi, bahari saa tisa na nusu maji yakiwa yanajaa. Ogelea wakati wa kujaa. Maji yanapoanza kutoka yana nguvu ya kumvuta asiyejua kuogelea.

Begi lako liwe na

- kipimajoto cha homa na kopo la kuchotea
- dumu la lita 10 la maji safi ya kujisuuzia, na lita 2 za kunywa kwa kila mtu
- viatu vya plastiki, fulana na kaptura ya kuogea, kanga mbili
- tochi yenye betri mpya
- mafuta ya ngozi, plasta, pakiti mbili za ORS
- mfuko mgumu usiopitisha maji wa kurudishia nguo zilizolowa, kwani harufu ya salfa itakaa ndani ya basi zima hadi Nanenane
- kitambulisho, na fedha taslimu kidogo kwa bajaji na mwongozaji

Nguo za kuogea zifue siku hiyohiyo, peke yake. Nyeupe ziache nyumbani.